Chachu ya Mama

9 Januari

Mdogo wangu wa maabara,

Jana nimekukatia simu, na nitakukatia tena ukinipigia kuniuliza mambo ya chooni. Bekari hii ina kuta za mabati, na simu yangu ina sauti kama spika ya mkutano. Uliposema "Dada, leo umeenda mara ngapi?" wateja watatu waliokuwa wanasubiri mikate walinyamaza wote ili wasikie jibu. Kwa hiyo kuanzia leo tunaandikiana. Barua yangu nampa dereva wa basi la saa nne, na yako mpe yeye akirudi. Ataniletea jioni.

Jibu la swali lako ni mara kumi na moja. Haya, umefurahi?

Hii ni wiki ya kumi. Sketi nafunga kwa pini mbili. Nikianza kukanda unga nakimbia, narudi, nanawa hadi viwiko, nakanda tena, nakimbia tena. Shemeji yako anasema tuhamishie meza ya kukandia karibu na choo, na anajiona amechekesha. Nimeshameza vile vidonge vya rangi mbili mara tatu. Mara ya kwanza daktari wa meno alinipa kwa ajili ya jino. Mara ya pili nilijinunulia mwenyewe kwa ajili ya mafua. Wiki iliyopita nikameza tena ili nikomeshe huku kuharisha. Nikapata nafuu siku mbili, ya tatu nikaanza upya, na sasa kuna damu kidogo. Hilo la damu sikutaka kuliandika, lakini kalamu imeshaandika.

Usinitishe na hospitali zako. Nitumie dawa moja kali nimalizane na jambo hili.

Chachu ya mama haijambo. Nimeilisha asubuhi.

Dada yako

11 Januari

Dada,

Mara kumi na moja, na damu, halafu unanipa habari za chachu! Nimesoma barua yako nimesimama kwenye dirisha la mizigo pale kituo cha basi, na dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Kwanza, toka kwenye unga leo hii. Sisemi kama mdogo wako, nasema kama mtu wa maabara. Usikande, usipime, usimshikie mteja mkate wake. Mwachie shemeji, na wewe kaa kwenye kiti umwelekeze, kazi ya kuelekeza watu unaiweza sana. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana ile spiriti ya kupaka mikononi haimuui mdudu ninayemshuku. Choo kiwe chako peke yako na kipigwe klorini kila siku.

Pili, dereva amekuletea boksi lenye barafu na chupa tatu zenye vifuniko. Unajua cha kuweka humo. Funga, tia kwenye mifuko yote miwili, rudisha kesho.

Tatu, usimeze tena kidonge cha rangi mbili hata kimoja bila daktari. Hapa nisikilize vizuri. Unakumbuka mama alivyotufundisha kuilisha chachu? Unga vijiko vitatu, maji vuguvugu, kila asubuhi. Na siku nilipoimwagia maji ya moto kwa ujinga wangu alinichapa na mwiko. Sasa, kwenye utumbo wako mpana kuna chachu nyingine. Humo wanaishi bakteria wengi kuliko watu wote wa dunia hii, na wengi wao ni wafanyakazi wako. Wanakula nyuzinyuzi za maharage na mboga ambazo tumbo lako peke yake haliziwezi. Wakishazila wanatoa kitu kinacholisha ukuta wa utumbo. Wanakutengenezea vitamini. Na wanajaza nafasi zote, mgeni mbaya akija hapati pa kukaa.

Vile vidonge ni dawa nzuri pale vinapotakiwa, kama kwenye lile jino. Lakini vinaua bakteria bila kuchagua vizuri. Wewe umeimwagia chachu yako maji ya moto mara tatu ndani ya miezi michache, na naogopa aliyebaki hai humo ni yule mgeni mbaya peke yake.

Naogopa kweli, Dada. Lete hizo chupa.

Mdogo wako

14 Januari

Mdogo wangu,

Chupa hizo. Dereva kaniuliza kama ni samli. Nimemwambia ni dawa ya mdogo wangu, akasema Mungu akupe nafuu, pole.

Nimetoka kwenye unga. Nimekaa kwenye kiti kama malkia aliyepinduliwa, namtazama shemeji yako anavyoukanda unga kama anafua jinzi. Nikisema kitu ananijibu kwamba alikuwa dereva wa lori miaka thelathini na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kushika usukani.

Niambie ukweli ukishajua. Usinifiche kwa sababu mimi ni mkubwa wako.

Dada yako

27 Februari

Mdogo wangu,

Ni kweli ulimpata huyo mdudu, na ni kweli daktari wako wa tumbo aliniandikia dawa yake maalumu, na nilikunywa siku zote kumi na nne bila kuruka hata saa moja. Nilipona. Wiki nzima nilikuwa mtu. Nilikula wali nikashiba, nikaimba, shemeji yako akaniomba ninyamaze.

Imerudi. Jumatatu mara sita, leo mara kumi na tatu. Hii ni mara ya pili mdudu kunishika, ukihesabu na ile ya Januari. Nimejipima kwenye mizani ya unga, kilo arobaini na sita. Mizani ile haidanganyi, nimeishi nayo miaka ishirini.

Sasa nakuuliza kwa macho makavu. Hivi ndivyo watu wanavyokufa? Taratibu, chooni, wakiwa na akili zao timamu? Kama ndivyo, niambie nijipange. Kama sivyo, niambie tunafanya nini, maana mimi bado sijakubali.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Watu wanakufa kwa ugonjwa huu, ndiyo. Uliniambia nisikufiche. Lakini wewe hufi, na nitakueleza tutafanya nini. Kabla hujasoma mbele, kaa chini.

Dawa inamuua mdudu, ila mbegu zake zinabaki, ngumu kama kokoto. Dawa ikiisha zinaota upya, kwa sababu kwenye utumbo wako hakuna wa kuzizuia. Chachu imekufa. Na chachu ikifa, mama alifanyaje? Alikwenda kwa jirani na kikombe.

Daktari wa tumbo anataka kufanya vivyo hivyo. Atachukua choo cha mtu mzima mwenye afya, kilichopimwa kila kitu. Kitachanganywa na maji ya chumvi, kitachujwa, na kitapelekwa kwenye utumbo wako kwa mpira, kwa chini, wewe ukiwa umelala usingizi. Hutaona wala kunusa kitu. Wale bakteria wazuri watahamia, wataanza kula, watazaana. Ameshafanya hivyo kwa wagonjwa wengine, na wengi waliokuwa kama wewe walipona.

Mimi sikubaliwi kutoa. Tunaoshinda hospitalini tunaweza kubeba bakteria sugu bila kujua. Shemeji ana kisukari, naye hafai. Lakini nimepata mtu. Hajaugua miaka, hajameza vidonge hivyo tangu sijui lini, anakula mboga kuliko mbuzi. Amekubali bila kuombwa mara mbili. Ameomba jina lake lisitajwe, nami nimemwahidi.

Niambie ndiyo.

Mdogo wako

3 Machi

Wewe mtoto,

Nimekulea. Nimekuosha mimi, mama akiwa bekari. Nimekubeba mgongoni siku ulipovunjika mguu. Na malipo yake ni kuniletea choo cha mtu!

Sitaki. Mimi ambaye nasugua kucha kwa brashi mara nane kwa siku! Mimi ambaye mkaguzi wa afya alileta wenzake waje kuangalia sakafu yangu! Watu wakisikia, nani atakula mkate wangu tena? Nimemsomea shemeji yako barua yako. Akauliza kama kinaweza kuchanganywa na asali.

Tafuta njia nyingine. Umesoma miaka mingi kwa hela za mikate hii, haiwezekani mwisho wa elimu yote uwe huu.

Dada yako, mwenye hasira

5 Machi

Dada,

Njia nyingine ni kukutazama ukiisha. Hiyo siitaki mimi.

Kasirika unavyotaka. Kila basi la saa nne likirudi litakuletea barua yangu moja, na kila moja itakuwa na neno lilelile. Mimi ndiye uliyenibeba mgongoni, na kuking'ang'ania kitu umenifundisha wewe.

Kubali.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Barua tatu kwa siku tatu. Dereva anadhani nina mchumba.

Leo nilianguka nikielekea chooni. Sikuumia, lakini nilikaa chini pale sakafuni kama robo saa kwa sababu miguu ilikataa. Nikaiona ndoo ya chachu chini ya meza, shemeji yako hajaifunika vizuri. Nikajikuta nalia, siyo kwa ajili ya ndoo.

Basi, nimekubali. Nimejifunga kibwebwe, fanyeni mnalotaka.

Nina sharti moja tu. Huyo mtu awe msafi. Muulize vizuri, mchunguze, uhakikishe. Unanijua mimi na uchafu.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilisubiri siku zipite kabla ya kukuandikia, nikitumaini nitakuwa na habari njema.

Tangu nitoke hospitali yenu tarehe 26, siku moja baada ya kuwekewa kile choo, nilijituliza kila siku. Nilikula mlivyosema. Maharage kidogo, mboga kidogo, maji. Nilikaa nikajisikiliza tumboni kama mtu anayesikiliza kama mgeni amefika. Siku ya kwanza hamna kitu. Ya pili, ya tatu, hamna. Siku ya nne nikaamka saa kumi na moja alfajiri na sikuwahi kufika chooni. Tangu hapo ni mara tisa, mara kumi na mbili.

Kwa hiyo nimevumilia aibu yote ile bure. Sikulaumu. Mtu wako huyo mwambie asante. Labda mimi nimeshaoza na hakuna kinachoota kwangu.

Nimechoka, nakuambia ukweli. Usije wiki hii.

Dada yako

4 Aprili

Dada,

Hujaoza. Nimekaa na daktari saa mbili nzima, tumepitia kila karatasi. Vipimo vya mtoaji vilikuwa safi, uchujaji ulikwenda vizuri, muda haukuzidi. Kwa mtu kama wewe ilipaswa kushika. Nimeomba ile sampuli yake iliyobaki kwenye friza niiangalie mwenyewe.

Anza tena leo ile dawa maalumu ya daktari. Haiwezi kumng'oa mdudu lakini itamtuliza. Usiache kula. Tafadhali, Dada, usiache kula.

Mdogo wako

6 Aprili

Wifi,

Miaka tisa hatujapeana hata salamu, kwa hiyo sijui nianzeje. Naanza hivihivi. Ni mke wa mdogo wako. Mtoaji ni mimi.

Jana mume wangu alirudi kutoka kazini, akakaa mezani akashika kichwa. Akasema ameiangalia ile sampuli na bakteria hawapo, karibu wote wamekufa. Akasema ni kama mtu ameichoma. Nilikuwa naosha vyombo, na sahani ikaniponyoka. Hajajua bado. Nitamwambia leo, lakini nilitaka wewe ujue kwanza.

Ile barua yako ya Machi aliiacha mezani. Sikuiba, ilikuwa wazi. Nikasoma: awe msafi, mchunguze, unanijua mimi na uchafu. Nikaisoma mara nyingi. Wewe na mimi tunajua mara ya mwisho uliniambia nini, mbele ya wateja, na mkono wangu ukiwa bado ndani ya ndoo. Mchafu, ukasema. Na kwetu wote wachafu. Ukamwaga nusu ya ndoo pale mtaroni huku nikikutazama.

Basi nikaogopa kwamba siku moja utajua kimetoka kwangu, na utasema hata ndani yangu ni uchafu. Nikaenda duka la dawa. Nikamwambia muuzaji nataka kusafisha tumbo kabisa, kila kitu kife. Akanipa vya rangi mbili na vingine vya njano. Nikameza siku tano, cha mwisho tarehe 23, siku mbili kabla ya ile siku. Fomu ya hospitali nilishaijaza mapema, kwa hiyo nilipoandika "sijameza dawa yoyote" ilikuwa kweli. Nikafurahi. Nikajiona nimekuandalia kitu kisafi kuliko vyote.

Hakuna aliyeniambia kwamba uchafu wenyewe ndiyo dawa. Mimi ni mtu wa bustani, najua kabichi na karoti. Nimekaa na mtu wa maabara miaka yote hii na sikumuuliza, kwa sababu nilitaka iwe siri yangu.

Nimekuharibia. Nilitaka upone, haki ya Mungu nilitaka.

Wifi yako

9 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako nimeisomea chooni, maana ndiko ninakoishi siku hizi. Nimelia hadi shemeji... hadi mume wangu akagonga mlango akidhani nimeanguka tena.

Sikiliza. Hujaniharibia. Mimi ndiye niliyeyaandika yale maneno, na mimi ndiye niliyeyasema miaka tisa iliyopita. Na kuna jambo hulijui, sijalisema kwa mtu.

Siku ile ulikuwa umetoka kung'oa karoti, ulizileta kwa ajili yangu. Ukaona ndoo inafurika kwa sababu nilikuwa nimeisahau juani, ukaingiza mkono kuikoroga ishuke. Ulikuwa unaniokolea chachu. Mimi niliona udongo kwenye kucha tu. Nikamwaga nusu, nikasema niliyoyasema. Mama alikuwa bado mzima, na hakunisemesha siku mbili. Kesho yake ile nusu iliyobaki ikaumuka kama kawaida, na mkate ukatoka mzuri kuliko wa juzi yake. Yaani mkono wako haukuharibu kitu. Niliona kwa macho yangu. Ilinipasa nivae viatu nije kwako siku hiyohiyo. Nikanyamaza, kwa kiburi tu, na kunyamaza kukawa mazoea.

Nisamehe. Naona haya sana. Naomba unisamehe na siombi hivi ili unipe tena. Hapana, nitasema kweli, naogopa kufa na wewe tu ndiye unayefaa, kwa hiyo labda na hilo limo. Lakini hata ukisema hutaki kunitazama tena, msamaha naomba vilevile.

Wifi yako, kichwa ngumu

12 Aprili

Dada,

Mke wangu ameniambia. Nilipiga meza, kisha nikajiona mjinga, kwa sababu mjinga ni mimi. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na asubuhi ile sikumuuliza yeye hata moja. Niliona fomu imejazwa nikaridhika. Daktari ameshaagiza kwamba kuanzia sasa mtoaji anaulizwa upya siku yenyewe, kwa mdomo.

Mpango ni huu. Miezi mitatu kamili tangu kidonge cha mwisho, yaani hadi 23 Juni, tumbo lake lijijenge. Kisha vipimo vyote upya. Wewe utabaki kwenye dawa ya kumtuliza mdudu, dozi inapunguzwa kidogo kidogo. Ni safari ndefu kwa mtu wa kilo arobaini na nne. Daktari ameniuliza kama utaweza, nikamwambia huyo unayemuuliza habari zake aliwahi kuoka mikate mia mbili na uchungu wa kuzaa ukiwa umeshaanza.

Mke wangu amesema yuko tayari. Ameisoma barua yako, akaikunja, akaiweka kwenye boksi la mbegu. Humo anaweka vitu anavyovithamini.

Mdogo wako

3 Juni

Wifi,

Zimebaki siku ishirini. Nakula maharage, mboga za majani, karoti, matunda, ndizi. Mume wangu ananihesabia sahani kama mkaguzi, hadi nimemfukuza jikoni.

Wiki iliyopita nilishikwa na kikohozi. Jirani akaja na vya rangi mbili mkononi, eti meza viwili tu. Nilimtoa mbio na ufagio, maskini, alikuwa na nia njema. Nikaenda kwa daktari nikamwambia, nichunguze kwelikweli, kama ni homa ya mapafu nitameza na wifi yangu atasubiri, kama siyo usinipe. Akanisikiliza kifua akasema ni mafua, yatapita. Yamepita.

Nataka kuja Jumamosi. Utanifungulia?

Wifi yako

4 Juni

Wifi,

Mlango nimeuacha wazi tangu Aprili. Leta karoti. Usizioshe njiani, tutaziosha hapa.

Nina shida nyingine. Mume wangu amesahau kuilisha chachu ya mama siku nyingi sana, na juu kumekaa maji ya kijivu yenye harufu ya siki. Mimi nimekatazwa kuigusa. Yeye anataka kuitupa.

Wifi yako

9 Juni

Dada,

Mke wangu amerudi jana ana unga hadi kwenye nyusi na hataki kunieleza mlikuwa mnacheka nini. Nimeambulia kidogo tu, kwamba alimwaga yale maji ya kijivu, akachota kijiko kimoja kutoka chini kabisa, akakilisha asubuhi na jioni, na Jumapili kikaanza kutoa mapovu. Anasema ulikaa kwenye kiti chako ukimwelekeza, na kwamba hakukufuata hata jambo moja.

Nimefurahi hadi nimeshindwa kulala mchana, na nilikuwa zamu ya usiku.

Mdogo wako

30 Agosti

Wifi yangu,

Leo ni siku ya hamsini na saba tangu nilipowekewa cha kwako mara ya pili, 4 Julai. Mizani ya unga inasema kilo hamsini na mbili na nusu. Sketi nimeondoa pini moja.

Nimempigia mdogo wangu simu saa mbili asubuhi, bekari imejaa. Akapokea kwa wasiwasi, Dada kuna nini? Nikamwambia kwa sauti yote niliyonayo: "Mara moja! Jana mara moja, leo mara moja, na imekaa vizuri!" Wateja walipiga makofi. Mzee mmoja alitaka kujua natumia dawa gani. Nikamwambia wifi yangu. Hakuelewa, na sikumweleza.

Daktari ameniruhusu kurudi kwenye unga. Nilipoanza nilizidisha maji, halafu mikono ikakumbuka. Mume wangu ameomba kustaafu kwa mara ya pili.

Sikujua nitakushukuru vipi. Nilifikiria kitambaa, nikafikiria viatu, nikaona upuuzi. Mtu amekuletea uhai, unampa viatu? Kila asubuhi nikila uji wangu najua kuna watu wako humo ndani wanaushughulikia, waliotoka kwenye bustani yako na sahani yako, na nawalisha maharage ili wasinihame. Nakupenda, wifi. Nimeandika, na sifuti.

Basi la leo limekuletea ndoo. Dereva ameambiwa aishike mapajani, na safari hii nimemwambia kilichomo. Ni nusu ya chachu ya mama. Ile nusu niliyoimwaga mtaroni ilikuwa haki yako, na nimechelewa miaka tisa kukupa. Unga vijiko vitatu, maji vuguvugu, kila asubuhi, uikoroge kwa mkono wako mwenyewe ukitoka bustanini.

Ndoo usiioshe.

Wifi yako